Kujengesha boti ya kifahari iliyo yako kweli: mwongozo kwa mwenye agizo Zanzibar

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliharibu merikebu za Sultan Barghash zilizokuwa bandarini Unguja. Mwaka uliofuata ikaja manowari ya Kiingereza, HMS Glasgow. Sultani akaiona, ikampendeza, akaagiza ya kwake ifanane na ile. Kiwanda cha William Denny and Brothers cha Dumbarton, Uskoti, kikamjengea, ikakamilika mwaka 1878, ikapewa jina lile lile la Glasgow. Ilipofika haikumridhisha. Ikatia nanga bandarini na kubaki hapo miaka na miaka, mpaka asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 ilipozamishwa na mizinga ya Waingereza, katika vita vilivyodumu chini ya muda wa saa moja.

Meli ile ilijengwa kwa fedha za mtu mmoja, kwa jina lake, na hakuna mwingine aliyeichangia. Hata hivyo umbo lake lilitoka kwenye haja za watu wengine na bahari nyingine. Ndiyo maana naishika kama kipimo kila ninapoulizwa boti gani imejengwa kwa agizo hasa na ipi imepambwa tu. Chombo cha agizo la kweli ni kile ambacho ukimbadilisha mwenyewe, au ukaibadilisha bahari yake, basi na umbo lake chini ya maji lingebadilika. Marumaru, taa, mito na jina lililoandikwa ubavuni huja baadaye.

Mwongozo huu ni kwa mwenye hoteli anayetaka chombo cha wageni, kwa familia iliyojaaliwa, na kwa nahodha au msimamizi aliyetumwa na tajiri akamsimamie kazi. Hatua ni zile zile, ukijengesha jahazi la mita 15 ufukweni Nungwi au yoti ya chuma ya mita 60 Uholanzi.

Hatua ya 1: Iandike bahari yako kwanza

Usianze na picha za boti. Chukua daftari uandike utakwenda wapi, miezi gani, na watu wangapi, utalala humo au utarudi jioni. Fundi mzuri wa Nungwi atakuuliza hayo kabla hajakutajia bei, na msanifu wa meli wa Ulaya anayeijua kazi yake atakuuliza hayo hayo. Asiyekuuliza keshaamua akuuzie nini.

Kwetu jambo la kwanza ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji makubwa na maji madogo hufika kiasi cha mita 4, na sehemu kama Chwaka bahari huondoka ikaenda mbali kabisa. Yoti inayozama mita 2.5 chini ya maji itakaa nje ya mwamba siku nzima, na wageni wako watapandia na kushukia kwenye kidau. Kama hilo unalikubali, sawa. Kama unataka chombo kipwelewe juu ya mchanga, watu washuke kwa miguu, basi agizo lako limekwishabadilisha kila kitu: kitako kipana, au mikuku (boriti za chini kabisa za chombo) miwili ubavuni ili kisimame wima bila magadi ya kukiegemeza, usukani unaonyanyuka, na mapangaboi (propela) yaliyofichwa ndani ya mfereji wa mkuku. Hakuna boti ya dukani itakayokupa hayo kwa kuongeza fedha kidogo. Ni lazima yachorwe tangu mwanzo.

La pili ni upepo. Chombo cha kuzunguka Chumbe na ghuba ya Menai kina maisha mepesi. Kinachovuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba wakati wa kusi, upepo wa kusini, kina maisha mengine: mawimbi mafupi yanayosimama kwa sababu mkondo na upepo vinagombana. Hapo unahitaji omo (sehemu ya mbele) ya juu, ubavu wa kutosha juu ya maji, na sitaha inayomwaga maji haraka. Ukiandika tu kwamba utakwenda Pemba, hujasema kitu. Andika kwamba utakwenda kisiwa cha Misali mwezi wa Julai, ukiwa na wazee na watoto.

La tatu ni idadi ya abiria, na hapa pana mpaka wa kisheria. Kwa mikataba ya kimataifa ya usalama wa baharini, chombo kinachochukua abiria zaidi ya 12 katika safari za kimataifa ni meli ya abiria, na kanuni za yoti zimejengwa juu ya idadi hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye hoteli anayewaza wageni 20 hajengi yoti. Anajenga chombo cha abiria, chenye masharti yake ya maboya, moto na milango. Kamwone mtu wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA) mapema, wakati bado una karatasi mkononi, kabla hata mkuku haujalazwa.

Hatua ya 2: Tambua unachouziwa

Boti za kifahari ziko za aina tatu, na wauzaji huzichanganya makusudi.

Ya kwanza hutoka kwenye kalibu. Kiwanda kimetengeneza kalibu ya faibaglasi kwa gharama kubwa, na gharama hiyo hurudi kwa kutoa mabodi (miili ya boti) mengi yaliyo sawa. Unachagua rangi, mbao za ndani, na pengine vyumba vitatu badala ya vinne. Ya pili ni ya kati: umbo la chini, chumba cha injini na kuta kuu zinazogawa chombo hubaki kama zilivyo, lakini juu na ndani una uhuru mkubwa. Ya tatu huanza na karatasi tupu. Huko ndiko waliko Feadship na Oceanco wa Uholanzi na Lürssen wa Ujerumani, kiwanda kilichotoa Azzam yenye urefu wa mita 180 mwaka 2013.

Jina la kiwanda peke yake halikutoshi. Benetti wa Italia, walioanza 1873, hujenga za mfululizo na za agizo kamili. Bei nayo haikuambii kitu, maana iko boti ya kalibu inayogharimu kuliko ya agizo. Uliza maswali haya, na usikubali majibu ya mzunguko. Umbo la chini ya maji lilichorwa kwa ajili ya agizo gani? Ziko ngapi nyingine zenye umbo hili? Nikitaka kuusogeza ukuta wa chumba cha injini mita moja nyuma, nani atakaa kupiga hesabu upya, na itachukua muda gani? Kama jibu la mwisho ni kwamba haiwezekani, umeshajua uko ngazi ipi.

Nitasema wazi rai yangu: kwa watu wengi ile ya kati ndiyo ya busara. Umbo lake limekwishajaribiwa baharini, makosa yake yanajulikana na yamerekebishwa. Agizo kamili lina haki pale tu daftari lako la hatua ya kwanza linapokuwa na jambo ambalo hakuna umbo lililopo linaloweza kulitimiza. Na maji yetu ya kupwa na kujaa, kwa kweli, mara nyingi ni jambo la namna hiyo.

Hatua ya 3: Nani anachora, na nani anapima uzito

Kwenye yoti kubwa kazi hii ina watu watatu: msanifu wa meli anayeshughulika na umbo, nguvu na msimamo wa chombo, mbunifu wa sura ya nje, na mbunifu wa ndani. Mwenye chombo humpenda zaidi yule wa mwisho kwa sababu ndiye anayeonesha picha. Mpende wa kwanza. Ndiye atakayejaribu umbo kwa kompyuta, au kwa mfano mdogo unaokokotwa kwenye bwawa maalumu, kabla chuma hakijakatwa.

Nungwi kazi zote tatu ziko katika kichwa cha fundi mmoja. Mafundi wengi hawana mchoro wa karatasi. Urefu wa mkuku ukishajulikana, mengine hutoka kwenye jicho na kwenye vyombo walivyovijenga nyuma, vyao na vya baba zao. Ujuzi huo ni mkubwa na naustahi kwa dhati. Kila chombo kinachotoka pale ni cha agizo, maana hakuna kalibu, na ubao mmoja haufanani na mwenzake.

Lakini jahazi ambalo jicho hilo linalijua lilikuwa la shehena. Lilibeba magunia, boriti, mbata, vitu vinavyokaa chini ngamani, tumboni mwa chombo, na kulituliza. Jahazi la kifahari linafanya kinyume: ngama ni tupu, na juu ya sitaha kuna paa, sola, viti, baa na watu. Uzito umepanda. Hapo jicho la fundi linahitaji msaada wa hesabu, na hakuna aibu yoyote kumleta msanifu akae naye. Orodhesha kila kitu kwa kilo: betri, jenereta, friza, nanga na mnyororo wake, mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji. Tangi la lita 2,000 la maji matamu ni tani 2. Likiwa nusu, maji yale hukimbilia upande chombo kinakoinamia na kukizidisha kuinama, kwa hiyo tangi ligawanywe kwa kuta za ndani.

Sisi Wazanzibari hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo kilichozidiwa. Spice Islander I ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi, na hakuna kijiji Pemba kisichojua msiba ule. Suala la uzito lisiachwe kwa mpambaji wala kwa mwenye fedha.

Kuna kipimo kimoja ambacho nataka kila mwenye kujengesha akidai kwa jina: jaribio la kuinamisha. Chombo kikiwa majini, siku tulivu, kimelegezwa kamba, unaning'iniza timazi ndefu ndani yake. Kisha unahamisha mizigo inayojulikana uzito wake kutoka upande mmoja wa sitaha kwenda wa pili, na kupima timazi imesogea kiasi gani. Kutoka kwenye namba hizo msanifu anajua kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani, na anaweza kukwambia kwa yakini ni watu wangapi wanaweza kukaa juu ya paa. Meli kubwa duniani hupimwa hivyo. Jahazi la mita 15 linaweza kupimwa hivyo hivyo kwa mifuko ya saruji na timazi ya fundi mwashi.

Hatua ya 4: Chuma, alumini, faibaglasi au mbao

Yoti kubwa za agizo kwa kawaida huwa na bodi ya chuma na ghorofa za juu za alumini, ili uzito ubaki chini. Zinazotaka mwendo wa kasi huwa za alumini yote. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa, kwa hiyo uliza vinaunganishwa kwa njia gani.

Ukijenga kwa mbao hapa kwetu, nafasi ya kuwa na kitu chako ni pana kuliko mahali popote, kwa sababu unaweza kufuata agizo lako mpaka kwenye mti. Mataruma, yaani mbavu za chombo, yanataka mbao iliyopinda yenyewe ilipokuwa mti, nyuzi zake zikifuata mpindo. Ndiyo maana mafundi hutafuta matawi na viungo vya mwembe na mfenesi badala ya kupinda ubao ulionyooka. Mbao kubwa za ubavuni nyingi hutoka bara. Dai karatasi za kibali cha kuvuna na kusafirisha, maana mbao isiyo na karatasi inaweza kukamatwa njiani na kazi ikasimama. Dai pia muda wa kukauka. Ubao mbichi ukipigiliwa, utafunguka ukikauka, na hakuna kalafati (pamba ya kuzibia nyufa) itakayouziba vizuri.

Kaa siku moja uangalie kalafati ikipigwa. Pamba husokotwa na mafuta, ikasukumwa kwenye kila ufa kwa patasi butu na nyundo, mlio wake unabadilika ufa unapojaa, na fundi anausikiliza huo. Chini ya maji, deheni ya chokaa na shahamu bado inafanya kazi dhidi ya wadudu wanaotoboa mbao, ila ni lazima irudiwe mara kwa mara, na kwa chombo cha wageni harufu ya sifa, mafuta ya papa, haitakubalika. Kama utatumia rangi ya kiwandani ya kuzuia wadudu, amua kabla, kwa sababu rangi haishiki juu ya mbao iliyokwishalowa mafuta.

Misumari iwe ya aina moja chini ya maji. Shaba na chuma vikikaa pamoja kwenye chumvi, chuma ndicho kitakachoondoka, na ubao utakifuata.

Hatua ya 5: Ndani, kwa maisha yenu mnavyoishi

Hapa ndipo wengi huanza, na ndipo wengi huiga. Unakuta yoti ya familia ya Kizanzibari ina vyumba vya watu wa Monaco, na jiko dogo la kupashia moto chakula. Nani atapika pilau ya watu 15 humo? Weka sufuria yako halisi mbele ya mchoraji, apime kipenyo chake. Panga mahali pa kukunia nazi, pa kutupia machicha, na tundu la kutolea moshi lililo upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo.

Kumbuka kwamba chombo kilichotia nanga huelekeza omo kwenye upepo. Matundu ya hewa yakifunguka kuelekea mbele, vyumba vitapoa usiku bila kiyoyozi, na jenereta italala. Harufu ya jiko nayo itakwenda nyuma, mbali na wanaolala. Hili ni jambo la kuchora tu, halina gharama, na lina faida kila usiku wa maisha ya chombo.

Panga njia za watu. Mabaharia wawe na ngazi yao ya kutoka jikoni mpaka sitahani bila kupita sebuleni. Kama familia yako inataka faragha ya wanawake, baraza la nyuma na la mbele yatengane tangu kwenye mchoro, kwa sababu pazia la baadaye halizuii sauti wala macho. Kila choo kiwe na bomba la mkono na mahali pa kutilia udhu bila kuteleza. Na iwepo nafasi tambarare ya kuswalia inayotosha watu kugeuka, maana chombo kikizunguka juu ya nanga, kibla nacho hubadilika.

Nakshi ni fahari yetu, na wachongaji wa Mji Mkongwe wanaweza kukupa mlango ambao hakuna kiwanda cha Ulaya kinachoweza kuutoa. Ila mlango wa nakshi wa nyumba ni mzito mno baharini. Mwambie mchongaji achonge kwenye ubao mwembamba utakaopachikwa. Viwanda vikubwa hufanya hivyo hivyo na marumaru: hukata unene wa milimita chache na kubandika juu ya bao jepesi lenye matundu ndani, kwa hiyo unaona jiwe zima na kubeba sehemu ndogo ya uzito wake.

Hatua ya 6: Mkataba

Mkataba wa agizo una mwili wa mambo mawili: maelezo ya kina ya kila kitu, na mchoro wa mpangilio wa chombo kizima. Yoti kubwa ya agizo huchukua kiasi cha miaka miwili mpaka minne, na katika muda huo utabadili mawazo, ni hali ya binadamu. Weka sharti kwamba kila badiliko liandikwe likiwa na mambo matatu: bei, siku zitakazoongezeka, na kilo zitakazoongezeka. Hizo kilo ndizo zinazosahauliwa.

Malipo yafuate kazi, yasifuate kalenda: mkuku kulazwa, bodi kufungwa, injini kuingia, kushuliwa, majaribio, makabidhiano. Kwa fundi wa ufukweni utaratibu ni ule ule, ila mbao zilipwe mapema na ziandikwe kuwa ni mali yako tangu zinapofika. Sehemu ya mwisho ya fedha ibaki mkononi mwako mpaka baada ya majaribio, na kwa fundi wa ufukweni mpaka ukaguzi wa mwisho wa hatua ya 7.

Kwa chombo kikubwa, chagua tangu mwanzo taasisi ya ukaguzi itakayokithibitisha, mfano Lloyd's Register, iliyoanza 1760, au Bureau Veritas ya 1828. Wao hukagua kazi ikiendelea, hawaji mwishoni tu. Kwa jahazi la Nungwi ajiri mkaguzi wako mwenyewe, asiye ndugu wa fundi wala wako, aje angalau mara tatu, na mara moja kati ya hizo iwe kabla mbao za ndani hazijafunika mataruma.

Hatua ya 7: Kushua na majaribio

Chagua bamvua. Ufukweni chombo hushuliwa kwa watu, kwa kamba na magogo, kijiji kizima kikivuta na kuimba, na kabla ya hapo husomwa dua. Mwenye chombo hupika. Pika vya kutosha, na wape mafundi nafasi ya mbele siku hiyo, kwa sababu kazi ni yao.

Kikishaelea, usikimbilie kusafiri. Kiache majini siku kadhaa mbao zinywe na kufunga, ngama ikiangaliwa asubuhi na jioni. Tia alama mahali maji yanapofika omo na tezi, ulinganishe na mchoro. Kikilala upande au kikizama nyuma kuliko ilivyochorwa, jua uzito umeingia ambao haukuandikwa, na utafutwe kabla ya kitu kingine chochote. Hapo ndipo jaribio la kuinamisha linapofanyika.

Kisha majaribio ya bahari yafanywe katika bahari uliyoiandika hatua ya kwanza. Kama uliandika Misali mwezi wa Julai, usikubali kupokea chombo kwa kuzungushwa mbele ya Forodhani wakati wa matlai, bahari ikiwa shwari. Tangi zijae, watu wapande kwa idadi kamili, chakula kipikwe jikoni kikiwa safarini. Pima mwendo, mafuta yanayotumika kwa saa, na kelele vyumbani jenereta ikiwaka. Simamisha injini katikati ya mkondo uone chombo kinajigeuza vipi. Nahodha atakayekiendesha ndiye ashike usukani, fundi awe pembeni yake akiandika.

Viwanda hutoa dhamana, kwa kawaida miezi 12. Kwa fundi wa hapa andikianeni vivyo hivyo, na muweke sharti kwamba kusi la kwanza likimalizika chombo kipandishwe, yeye mwenyewe aje na tezo yake, kalafati ikaguliwe ubao kwa ubao, na malipo ya mwisho yatolewe siku hiyo.